Jiliwa la Nyumbani: Chagua Kipimo kwa Kazi Uliyo Nayo

Katika kaya za Bonga, kata ya Mji wa Babati iliyo kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma, vyuma havikosekani: majembe, mapanga, plau ya ng'ombe, mkokoteni, baiskeli, pikipiki, mabomba ya maji, bawaba za milango. Kila kimoja kina siku yake ya kuhitaji kukatwa, kunolewa, kunyooshwa, au kufunguliwa nati iliyoshikwa na kutu. Siku hiyo ikifika, wengi hukanyaga chuma kwa mguu, hukibana katikati ya magoti, au humwita mtoto ashike upande wa pili. Chuma kikicheza, msumeno huruka, na anayeumia ni aliyeshika.

Kifaa kinachoondoa hatari hiyo ni jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi. Lina mataya mawili: moja halisogei, la pili husogezwa na skrubu kuu inayozungushwa kwa mpini. Halihitaji umeme wala mafuta, na likitunzwa huweza kurithiwa na watoto. Lakini lazima liwe la kipimo kinachofaa. Dogo mno huvunjika kwa kulazimishwa kazi isiyo yake. Kubwa mno hula fedha ambazo zingenunua tupa, msumeno na drili, tena huhitaji benchi ambalo nyumba nyingi hazina. Makala haya yanaeleza namna ya kupima, kuchagua, kukagua na kufunga jiliwa la karakana ya nyumbani.

Inchi za jiliwa hupima nini

Muuzaji akisema jiliwa ni la inchi 4, anataja upana wa mataya, kutoka kushoto hadi kulia. Hataji uzito, wala hataji linafunguka kiasi gani. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo majiliwa ya inchi 3, 4, 5, 6 na 8 huandikwa pia milimita 75, 100, 125, 150 na 200.

Upana wa mataya pekee hautoshi kukuambia kama jiliwa litakufaa. Pima na mambo mengine mawili. La kwanza ni mwachano, yaani nafasi iliyopo kati ya mataya jiliwa likifunguliwa hadi mwisho. Kwa majiliwa mengi mwachano hukaribia upana wa mataya au huzidi kidogo, lakini yapo ya bei ya chini yenye mataya mapana na mwachano mdogo. La pili ni kina: umbali kutoka ukingo wa juu wa mataya kushuka hadi kwenye nguzo inayoteleza. Kina ndicho kinachoamua kama kipande kipana kitazama vya kutosha ndani ya mataya au kitashikwa kwa ncha tu.

Kumbuka pia kwamba jiliwa halipaswi kutumika kila siku likiwa limefunguliwa hadi mwisho. Kadiri taya linavyotoka nje, ndivyo nguzo yake inavyobaki na sehemu ndogo ndani ya mwili wa jiliwa, na ndivyo linavyoanza kuyumba. Kazi yako ya kawaida iwe na unene usiozidi nusu au theluthi mbili za mwachano. Ukibana mara kwa mara vitu vya unene wa milimita 60, tafuta jiliwa linalofunguka kuanzia milimita 100.

Anza na kazi za nyumbani kwako

Kabla ya kwenda dukani, chukua karatasi uandike kazi kumi ulizozifanya, au ulizoshindwa kuzifanya, mwaka uliopita. Mbele ya kila kazi andika unene na upana wa kitu chenyewe. Orodha hiyo itakusaidia kuliko ushauri wa muuzaji, ambaye kwa kawaida hukusifia lile alilo nalo.

Kaya ya mkulima wa Bonga ina kazi zinazofanana na hizi: kunoa jembe na panga, kukata nondo za milimita 10 hadi 16, kutoboa bamba, kukunja chuma bapa kutengeneza komeo, kuchonga mpini wa jembe au shoka, kufungua ekseli ya baiskeli, kunyoosha kipande cha plau kilichopinda kwa kugonga jiwe. Kwa kazi hizi zote unene wa kubanwa ni mdogo. Kinachotakiwa ni mshiko thabiti.

Mabomba ya maji yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu jina la bomba si kipimo chake cha nje. Bomba la chuma la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21 hivi. La robo tatu, milimita 27. La inchi 1, milimita 34. Na la inchi 2, milimita 60. Anayefanya kazi za mabomba atafute jiliwa lenye mataya mengine ya chini, yaliyopindwa na yenye meno, kwa ajili ya kushika vitu vya mviringo. Bomba likibanwa kwa mataya bapa peke yake huteleza, na fundi akizidisha kukaza ili lisiteleze, hubonyea.

Kipimo kipi kinamfaa nani

Jiliwa la inchi 3 ni la kazi nyepesi: kufuli, funguo, redio, mashine ya kushona, sehemu ndogo za baiskeli. Mengine hufungwa kwenye ukingo wa meza kwa kibano, bila kutoboa. Anayetengeneza vifaa vidogo mezani litamfaa. Mwenye plau asilinunue.

La inchi 4 ndilo linalofaa kaya nyingi. Hushika nondo, panga, jembe, bolti, mabomba hadi ya inchi moja na nusu, na vipuri vingi vya baiskeli. Linabebeka na mtu mmoja, na benchi la mbao lililotengenezwa vizuri hulihimili. Kwa mwenye nyumba ambaye hatengenezi vitu vya watu kwa malipo, nashauri aanze na hili.

La inchi 5 ni la mwenye kazi nzito za kilimo na usafiri: plau, minyororo, vipuri vya mkokoteni, pikipiki ya bodaboda, vyuma vya pembe vya milango na madirisha. Ukijua kwamba majirani watakuletea vyao, nunua hili moja kwa moja badala ya kununua la inchi 4 na kulibadilisha baada ya misimu miwili.

La inchi 6 ni la fundi anayepata riziki yake humo: mchomeleaji wa mageti, mtengenezaji wa matrela, fundi wa mashine za kupukuchua mahindi. Linahitaji benchi la chuma au la mbao nene lililokazwa sakafuni. Jiliwa hili likiwekwa juu ya meza nyepesi, ukivuta mpini meza nzima inakufuata. La inchi 8 ni la karakana kubwa na vyuo. Nyumbani halina kazi.

Aina mbalimbali za majiliwa

Ukiingia duka la vifaa utakuta majiliwa yenye kitako kisichozunguka na yenye kitako kinachozunguka. Lenye kitako kinachozunguka hukuwezesha kugeuza kipande bila kukifungua, jambo linalofaa kwa kazi nyepesi za pembe tofauti. Lakini kila kiungo kinachozunguka ni mahali pa kulegea. Kwa anayekata, kupiga tupa na kugongagonga, kitako kisichozunguka hudumu zaidi kwa fedha ileile.

Seremala ana jiliwa lake. Mataya yake ni mapana na laini, huvishwa mbao, na hufungwa chini ya uso wa benchi ili ubao ukae sawa na meza. Jiliwa la chuma linaweza kushika mbao ukiweka vipande vya mbao laini kwenye mataya, lakini la seremala lisitumike kukazia vyuma. Kama kazi yako kubwa ni vitanda na viti, nunua la seremala kwanza.

Mafundi wa mabomba wana jiliwa la mnyororo au la upinde, linaloshika bomba pande zote. Na wahunzi wana jiliwa la mguu, lililofuliwa kwa chuma na lenye mguu mrefu unaofika chini. Mguu huo hupeleka pigo la nyundo ardhini, ndiyo maana linastahimili kugongwa.

Tofauti hii ni ya msingi. Wahunzi wa Kidatoga, wanaofahamika Manyara na maeneo ya Ziwa Eyasi kwa visu, mishale na bangili zao, hushika chuma cha moto kwa koleo na kukigonga juu ya fuawe. Fuawe limeumbwa kupokea mapigo. Jiliwa la kawaida limeumbwa kubana. Mengi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho hustahimili sana kugandamizwa, lakini kikipigwa au kuvutwa kwa ghafla hupasuka bila kupinda kwanza. Yapo majiliwa ya chuma cha kusubu kilichotiwa unyumbufu, na yapo ya chuma kilichofuliwa. Yote mawili yana bei ya juu na nguvu ya juu. Ukikuta maandishi ya 30,000 PSI au 60,000 PSI kwenye mwili wa jiliwa, hicho ni kipimo cha nguvu ya chuma chake: la 60,000 ni imara mara mbili.

Kagua kabla ya kulipa

Nenda dukani na futi ya kupimia, karatasi nyembamba na kipande cha bomba cha sentimita 20. Mjini Babati yapo maduka ya vifaa vya ujenzi na vya mafundi. Usipopata kipimo unachotaka, Arusha iko umbali wa kilomita 170 hivi kwa barabara ya lami. Kwa fedha ya kifaa kinachokaa nyumbani miaka mingi, ni afadhali kusubiri kuliko kuchukua kilichopo.

Linganisha uzito kwanza. Kati ya majiliwa mawili yenye mataya ya upana uleule, lililo zito zaidi kwa kawaida lina chuma kinene zaidi mahali panapobeba nguvu. Muuzaji akiwa na mzani, mwombe ayapime yote mawili.

Lifungue hadi mwisho, ulishike taya linalosogea, ulitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida; kupiga kelele na kuinuka waziwazi ni kasoro. Lifunge polepole juu ya karatasi, kwanza upande wa kushoto wa mataya, kisha kulia. Karatasi ikivutika upande mmoja na kushikwa upande mwingine, mataya hayakutani sawasawa.

Tazama hesi za skrubu kuu. Hesi nene zenye ncha bapa, zinazokaribia umbo la mraba, hubeba mzigo mkubwa na hudumu kuliko hesi kali zenye ncha kama za bolti ya kawaida. Zungusha mpini mwendo mzima. Usikwame mahali popote. Angalia kama bamba zenye meno za mataya zimefungwa kwa skrubu, ili zikilika zibadilishwe. Zikiwa sehemu ya mwili wenyewe, kulika kwake ndio mwisho wa jiliwa.

Rangi nene isikuzuie kuona. Pitisha kidole chini ya mataya na kuzunguka matundu ya bolti, ukitafuta nyufa na mashimo yaliyozibwa. Gonga mwili taratibu kwa kipande cha bomba. Sauti ya kukwaruza kama ya chungu kilichopasuka ni dalili ya ufa.

Jiliwa lililotumika linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei ya chini, hasa yale ya zamani kama Record yaliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Kutu ya juujuu si tatizo: mafuta ya taa na brashi ya waya huiondoa. Kimbia mambo mawili: mwili uliowahi kuchomelewa na hesi zilizolika ndani ya nati kuu. Chuma cha kusubu kilichochomelewa kwa haraka mara nyingi hupasuka tena pembeni mwa mchomeleo.

Benchi ni nusu ya jiliwa

Jiliwa zuri kwenye benchi bovu ni hasara. Uso wa benchi uwe mbao ngumu yenye unene wa milimita 50 au zaidi; ukiwa na mbao za milimita 25, unganisha mbili. Weka jiliwa juu ya mguu wa benchi au karibu nao kabisa, kamwe si katikati ya meza ambapo mbao hunesa.

Taya lisilosogea litokeze kidogo nje ya ukingo wa benchi, ili chuma kirefu kiweze kubanwa wima na kushuka hadi sakafuni bila kugonga mbao. Kosa hili hugunduliwa baada ya matundu kutobolewa, kwa hiyo pima kwanza kwa kubana nondo ndefu wima jiliwa likiwa bado halijafungwa. Tumia bolti zinazopenya hadi chini, za milimita 10 au 12 kulingana na matundu ya kitako, pamoja na washa pana na nati mbili kila moja. Skrubu za mbao hulegea mapema.

Kuhusu urefu, simama wima karibu na benchi, kunja mkono na uweke ngumi chini ya kidevu. Kiwiko kiguse juu ya mataya. Jiliwa likiwa chini ya hapo, mgongo hupinda na kuuma. Likiwa juu, mabega huchoka na tupa hupanda. Jiliwa la inchi 4 au 5 huinuka sentimita 15 hadi 20 juu ya benchi, hivyo uso wa benchi uwe chini ya kiwiko chako kwa kiasi hicho. Kama walio wafupi nao watalitumia, watengenezee jukwaa la mbao la kusimamia, usishushe benchi.

Asiye na kibanda anaweza kuchimbia gogo nene la mkaratusi uani, futi mbili au zaidi kwenda chini, na kufunga jiliwa juu yake. Paka lami sehemu inayoingia ardhini kwa ajili ya mchwa, shindilia mawe na udongo, na ulifunike jiliwa kwa ndoo ya plastiki mvua zinapoanza.

Litumie bila kuliua

Nguvu ya jiliwa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua mpini unaoshikwa sentimita 15 kutoka katikati ya skrubu, na hesi inayosogeza taya milimita 4 kwa kila mzunguko. Mkono husafiri sentimita 94 huku taya likisogea milimita 4 tu. Hata msuguano ukila robo tatu ya nguvu, msukumo wa kilo 20 hubana kwa zaidi ya tani 1. Ndiyo sababu mkono peke yake unatosha. Usivishe bomba kwenye mpini ili kuurefusha, wala usiukaze kwa nyundo. Ukiona jiliwa halishiki bila bomba, ama mataya yamelika ama umenunua dogo.

Kitu kirefu kikibanwa wima hulazimika kukaa upande mmoja wa skrubu, na mataya huvutika mshazari. Weka upande wa pili kipande cha unene uleule ili mataya yabaki sambamba. Kwa hesi za bolti, shaba na aluminiamu, funika meno ya mataya kwa bamba la aluminiamu lililokunjwa au vipande vya tairi kuukuu, kitu kisitiwe alama.

Kata karibu na mataya. Chuma kikining'inia mbali hutetemeka na kuvunja meno ya msumeno. Shikilia kwa mkono kipande kinachokaribia kukatika kisikuangukie mguuni. Vaa miwani unapopiga tupa, patasi au grainda. Unapolegeza mpini, angalia kiganja: mpini unaoteleza kwa uzito wake hubana nyama kati yake na kichwa cha skrubu. Ukimaliza kazi, funga mataya yakaribie kugusana na uache mpini ukining'inia chini, watoto wasiparazwe nao.

Kila mwezi futa vumbi la chuma kwa brashi, paka grisi kwenye skrubu kuu na tone la oili kwenye nguzo. Kama mchomeleaji anafanya kazi karibu, funika skrubu, kwa sababu cheche zilizoganda kwenye hesi huzila kidogokidogo.

Kwa anayetaka kujifunza kwa vitendo, chuo cha VETA cha mkoa wa Manyara kiko Babati, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani. Ni mahali pa kuuliza kabla ya kununua, hasa kwa kijana anayetaka kugeuza kibanda cha nyumbani kuwa karakana ya kipato.

Uamuzi basi ni huu. Kama kazi zako ni za nyumbani, chukua la inchi 4, zito, lenye kitako kisichozunguka. Kama una plau, mkokoteni au pikipiki unayoitengeneza mwenyewe, chukua la inchi 5. La inchi 6 mwachie fundi mwenye benchi lililokazwa sakafuni. Na kabla ya kutoa fedha, hakikisha una mbao za benchi na bolti za kulifungia, kwa sababu jiliwa lisilofungwa bado halijawa kifaa. Litengenezee mahali pake kabla ya msimu wa kulima, ili plau na majembe yakaguliwe mapema, na asiwepo tena mtoto wa kuitwa ashike chuma kinachokatwa.